Birika la Shangazi: Kusoma Sanamu Iliyofanywa Chombo cha Chai

Mwalimu mstaafu anayeishi mtaa wa Buruburu, Nairobi, ameniandikia kuhusu birika la chai lililofinyangwa kwa umbo la mwanamke aliyejitwika kikapu. Mkono wa kulia wa mwanamke huyo umeinuliwa mbele yake, na kiganja chake kilichokunjwa ndicho mdomo wa kumiminia. Mkono wa kushoto ameushika kiunoni na ndio kishikio. Kikapu na nywele kwa pamoja hufunguka kuwa kifuniko. Marehemu shangazi yake alipewa birika hilo katika miaka ya 1970 na familia aliyoifanyia kazi Muthaiga, ilipokuwa ikifungasha kurudi Uingereza. Chini yake hakuna jina la kiwanda, ila tarakimu mbili zilizogandamizwa kwenye udongo na alama ndogo ya brashi. Kidole kimoja kimekatika ncha, na kuna ufa mwembamba mahali kishikio kinapoungana na mgongo. Mfanyabiashara wa vitu vya kale anataka kulinunua, mwanawe mwalimu anaona afadhali liuzwe, na yeye mwenyewe anauliza kama ni kitu cha thamani, kama anaweza kuwaandalia wageni chai kwa birika hilo, na kama kidole kitengenezwe.

Mwalimu, nianze na majibu mafupi. Usilitie chai, usikitengeneze kidole, na usiliuze kwa bei ya kwanza uliyotajiwa. Kuhusu thamani, jibu lake linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu watu wengi wakipata chombo kama hiki hukipindua kwanza ili watafute muhuri, na wasipouona hukata tamaa. Mimi nakuomba ulisimamishe mezani penye mwanga wa dirisha na ulitazame kama kazi ya mchongaji, kwa kuwa muhuri ndio sehemu rahisi kuliko zote kughushi, ilhali ustadi wa kuliunganisha umbo la mtu na kazi ya chombo hauwezi kughushiwa na mtu asiye nao.

Mabirika yenye maumbo ya viumbe si mzaha wa watengenezaji wa vitu vya zawadi tu. Yana historia ndefu. Wafinyanzi wa Yixing, katika mkoa wa Jiangsu nchini China, walikuwa wakitengeneza mabirika ya udongo mwekundu usiopakwa kitu tangu enzi ya Ming, na baadhi yao waliyafinyanga yafanane na vishina vya mianzi, maboga na matunda. Mabirika hayo yalipofika Ulaya pamoja na shehena za chai, yaliigwa Uholanzi na Uingereza kabla ya mwaka 1700. Huko Meissen, Ujerumani, ambako kiwanda cha kauri kilianzishwa mwaka 1710, mchongaji Johann Joachim Kändler aliajiriwa mwaka 1731 na baada ya muda mfupi akatengeneza mabirika ya umbo la kima na ya kuku aliyezungukwa na vifaranga. Kufikia katikati ya karne ya 18, wafinyanzi wa Staffordshire, Uingereza, walikuwa wakitoa mabirika ya umbo la ngamia, yaliyong'arishwa kwa chumvi iliyotupwa ndani ya tanuri lenye moto mkali. Kisha ikaja karne ya 19, ambayo ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa maana rangi za birika lako zinaelekeza huko.

Mwaka 1851, katika maonyesho makubwa ya London, kampuni ya Minton ya Stoke-on-Trent ilionyesha vyombo vya aina mpya vilivyobuniwa na Mfaransa Léon Arnoux, mkurugenzi wake wa sanaa. Vilikuwa vyombo vya udongo wenye vinyweleo, vyenye michoro iliyochomoza, vikapakwa gilezi za rangi kali. Gilezi ni lile tabaka la kioo linaloyeyushwa juu ya udongo ndani ya tanuri, na gilezi hizi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo huzifanya ziyeyuke kwa joto la chini na kutiririka kwa ulaini. Vyombo hivyo viliitwa majolika. Wedgwood, George Jones, Joseph Holdcroft na warsha nyingi ndogo zisizojulikana sana ziliingia katika biashara hiyo, na mabirika ya vichekesho yakapendwa mno: Minton, katika miaka ya 1870, ilitoa kima aliyekumbatia nazi, na tai anayepigana na nyoka. Birika mashuhuri kuliko yote ya umbo la mtu, hata hivyo, si la majolika bali ni la kiwanda cha Royal Worcester la mwaka 1882. Upande mmoja ni mwanamume kijana, upande wa pili ni msichana, mkono mmoja uliolegea kifundoni ndio mdomo wa kumiminia na mwingine ulio kiunoni ndio kishikio. Lilitengenezwa kuwakejeli wapenda urembo wa wakati ule, ambao mwandishi Oscar Wilde alikuwa sura yao mbele ya umma, na maandishi yaliyo chini yake yanamgusa hata Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuko ya viumbe, kwa kuonya juu ya madhara ya mtu kujitahidi kuishi kulingana na hadhi ya birika lake.

Nimekutajia hilo la Worcester kwa sababu mkao wa mwanamke wako, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeinuliwa, ni mkao uleule ambao wafinyanzi wengi wameutumia kabla na baada ya hapo, na sababu yake ni ya kazi kabla ya kuwa ya urembo. Birika lina sharti ambalo sanamu haina: ncha ya mdomo wa kumiminia haina budi kuwa juu ya kimo ambacho chai itafikia, la sivyo itamwagika mezani kabla chombo hakijajaa. Kwa hiyo mchongaji hawezi kuuacha mkono uning'inie. Ni lazima auinue, na akishauinua ni lazima atafute sababu ya mwanamke huyo kuuinua, ili mtazamaji asione bomba lililovalishwa mkono. Katika picha zako kiganja kinafika usawa wa paji la uso, na kwa kuwa anabeba kikapu, kuinua mkono huko kunasomeka kama mwito wa mchuuzi kwa wateja wake. Hilo limenifurahisha sana. Aliyelibuni birika hili alifikiri.

Endelea kulisoma kwa namna hiyohiyo. Tazama kifuniko kimekatwa wapi. Mfinyanzi asiye makini hukata shingo katikati, na mwanamke hubaki na mstari unaomzunguka kooni hata kifuniko kikiwa kimefungwa. Mwenye ustadi huuficha mkato huo penye mpaka wa asili, kama vile ukosi, mshipi au ukingo wa kofia, na wako umefichwa penye ukingo wa nywele chini ya kikapu. Tazama pia kama kifuniko kina kitundu cha kupitishia hewa na ukingo wa ndani unaokizuia kisianguke birika linapoinamishwa. Kisha washa tochi ya simu na umulike ndani, mahali mkono wa kulia unapoanzia. Ukiona vitundu vya kuchujia majani, vilivyotobolewa kwa mkono na pengine kuzibwa nusu na gilezi, ujue birika lilitengenezwa likiwa na nia ya kumimina. Ukikuta ukuta mtupu usio na tundu lolote, basi tangu mwanzo lilikuwa pambo. Hilo la pili si aibu. Limejaa katika kazi za wasanii wa siku hizi, na huko Marekani kuna mkusanyo wa familia ya Kamm wenye maelfu ya mabirika, mengi yakiwa hayakukusudiwa kuguswa na chai kamwe.

Mtu anayetoka Nairobi ana kipimo kingine kizuri cha kulinganishia. Magdalene Odundo, aliyezaliwa jijini humu mwaka 1950 na kuhamia Uingereza mwaka 1971, hatengenezi mabirika. Lakini vyombo vyake vya udongo uliosuguliwa hadi ukang'aa bila gilezi, vyenye shingo iliyoinama na tumbo lililojaa, humleta mwanamke mbele ya macho bila kumfinyanga uso wala mkono. Sehemu ya mafunzo yake aliipata Nigeria mwaka 1974, katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja ya zamani ambacho leo kipo katika mji unaoitwa Suleja, kituo kilekile alichofanyia kazi mfinyanzi mkubwa Ladi Kwali. Odundo anakianza chombo na kukiacha kikaribie kuwa mtu. Mtengenezaji wa birika lako alianza na mtu akamgeuza chombo, na njia hiyo, kwa maoni yangu, ina hatari kubwa zaidi ya kuporomoka ikawa kichekesho cha mara moja. Ndiyo maana nakusihi uutazame sana uso. Baadhi ya mabirika ya karne ya 19 yaliwafanya watu wa Asia na Afrika vikatuni, macho yametolewa na midomo imevimbishwa, na thamani ya kumbukumbu yaliyo nayo haiondoi ubaya huo. Mwanamke wako ana uso uliotulia, uliofinyangwa kwa heshima.

Sasa tuje kwenye umri. Dalili tatu katika picha zako zinaelekea kwenye majolika ya nusu ya pili ya karne ya 19: gilezi ya kijani imetuama na kuwa nzito kwenye mikunjo ya nguo na kuwa nyepesi kwenye migongo ya mikunjo hiyo, ndani ya birika kumepakwa rangi ya waridi iliyofifia, na chini kuna madoadoa ya kahawia na kijani badala ya udongo mtupu. Waigaji wa baadaye mara nyingi hupaka rangi bapa isiyo na kina, huziacha rangi ziingiliane mipakani, na huacha ndani kukiwa kweupe tupu.

Kuna kipimo kingine ambacho wachache hukitumia. Udongo hunywea unapokauka na tena unapochomwa. Mtu akitengeneza kalibu kutokana na birika la zamani, nakala itakayotoka humo itakuwa ndogo kuliko asili yake kwa asilimia kadhaa, na vitu vidogo kama kucha, nyuzi za kikapu na kope vitakuwa vimefifia. Pima kimo na upana wa birika lako kwa milimita, kisha utafute katika kurasa za makumbusho na kumbukumbu za minada umbo linalofanana nalo; vipimo vikikaribiana na michoro ikiwa mikali, hiyo ni habari njema. Pitisha pia kidole ndani kwa upole. Ukuta uliogandamizwa kwa mkono ndani ya kalibu huwa na unene usio sawa na alama za vidole au sponji, na ukuta uliomiminwa kwa udongo wa majimaji hufuata umbo la nje kwa karibu, mashimo na vilima vyake vikionekana hata kwa ndani. Njia zote mbili zilikuwapo Staffordshire tangu karne ya 18, kwa hiyo kumiminwa peke yake si ushahidi wa upya.

Kuhusu alama, tarakimu mbili zilizogandamizwa yaelekea ni namba ya umbo katika orodha ya warsha, na alama ya brashi ni ya mpakaji rangi, aliyehitaji kuhesabiwa kazi yake ili alipwe. Minton iliweka jina lake kwenye sehemu kubwa ya majolika yake pamoja na alama ya siri ya mwaka, kwa hiyo ukosefu wa jina hapa unalielekeza birika kwenye warsha ndogo. Hakuna alama ya almasi ya usajili wa ubunifu iliyotumika Uingereza kati ya mwaka 1842 na 1883, wala namba ya usajili iliyoifuata kuanzia 1884. Jina la nchi pia halipo, na hapa wengi hukosea: sheria ya ushuru ya Marekani ilidai bidhaa zinazoingia huko zitajwe nchi zilikotoka kuanzia mwaka 1891, na tangu hapo viwanda vingi vikaweka neno hilo kwenye bidhaa zao, lakini chombo kilichouzwa nyumbani Uingereza hakikulazimika kuwa nalo. Ukosefu wake ni dalili ya kuunga mkono tu. Mtu akikuambia kwamba panga mbili zilizopishana chini ya chombo zinathibitisha ni cha Meissen, kumbuka kwamba alama hiyo imeigwa na viwanda vingi tangu karne ya 18.

Suala la chai sitalizungukazunguka. Gilezi za rangi za majolika zina risasi, na chai, kwa kuwa ina asidi kidogo, inaweza kuitoa risasi hiyo polepole, hasa mahali gilezi ilipopasuka. Maji ya ndimu au ukwaju ni mabaya zaidi. Watoto na wajawazito ndio wanaodhurika kwanza, na sumu ya risasi haina harufu wala ladha ya kukutahadharisha. Hata kama risasi isingekuwapo, ufa ulio kwenye kishikio ungetosha kunizuia, kwani maji ya moto hutanua ukuta wa ndani kabla ya ule wa nje, na kishikio chenye ufa huweza kung'oka birika likiwa limejaa, juu ya magoti ya mgeni. Zaidi ya hayo, chai yetu hupikwa sufuriani pamoja na maziwa, na maziwa yakishaingia kwenye vinyweleo vya udongo kupitia ufa, huharibikia humo na harufu yake haitoki. Wageni waandalie kwa chupa kama kawaida, na birika liwe mahali wanapoliona.

Kidole kiache kilivyo. Ncha iliyokosekana ni pengo dogo ambalo mkusanyaji mwenye ujuzi hulikubali, lakini kidole cha plasta kilichopakwa rangi ya kucha humfanya ashuku birika zima. Kabla ya kuamini kwamba hakuna matengenezo mengine ya zamani, azima ile taa ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti, ulimulike birika nayo ndani ya chumba chenye giza. Mahali palipojazwa gundi au kupakwa rangi juu ya gilezi huwaka tofauti na sehemu nyingine. Kikague hasa kishikio, kwa maana ufa ulio pale unaweza kuwa mstari wa gundi ya zamani. Siku moja kipande kikidondoka, kifunge kwenye karatasi laini na kukiweka kando. Usitumie supaglu wala gundi ngumu za mafundi. Wahifadhi wa makumbusho hutumia gundi ya akriliki iitwayo Paraloid B-72, ambayo huyeyushwa tena kwa asetoni endapo kazi itahitaji kurudiwa, na sifa hiyo ya kurudishika ndiyo ya kumuuliza fundi yeyote kabla hujamkabidhi.

Vumbi la Nairobi utaliondoa kwa brashi laini ya rangi, na uchafu sugu kwa pamba iliyonyeshwa kidogo tu. Usilitumbukize majini, kwani udongo huu hunywa maji, na usiliguse kwa Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, hata tone, kwa kuwa chumvi zinazobaki ndani ya vinyweleo hujitunga kuwa fuwele na kuibandua gilezi kutoka ndani. Ukitaka kulihamisha, toa kifuniko kwanza, kisha ulishike kiwiliwili kwa mikono miwili. Kishikio, kichwa na mkono ulioinuliwa visibebe uzito. Kwa kulionyesha, mfano bora ninaoujua ni zidaka za nyumba za zamani za Lamu, ambapo kila chombo cha kauri huwa na kishubaka chake ukutani, kimezingirwa pande tatu na hakiwezi kukumbwa na kiwiko. Mwambie seremala akutengenezee rafu yenye vyumba, kila kimoja kikiwa na kina kikubwa kuliko birika na ukingo mdogo mbele, na uweke vidonge vidogo vya nta chini ya birika ili lisitembee milango inapopigwa.

Imebaki bei. Majolika isiyo na jina huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya Minton au George Jones, na ufa hupunguza zaidi. Kwa hiyo usitarajie birika hili likujengee nyumba. Hata hivyo mabirika ya umbo la mtu hutafutwa kuliko ya maua, na umbo lisilo la kawaida hupandisha bei hata bila jina. Hapa Nairobi soko lake ni jembamba. Mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki ulioanzishwa na kampuni ya sanaa ya Circle Art mwaka 2013 umejikita katika uchoraji na uchongaji wa eneo letu, na madalali wa mitumba ya vyombo kule Gikomba wanapima kila kitu kwa kipimo cha matumizi ya jikoni. Njia ya kweli ya kujua thamani ni kutafuta mtandaoni bei zilizolipwa minadani kwa mabirika ya majolika yasiyo na jina na yenye ufa. Bei zinazoombwa na wauzaji zisikupe matumaini, kwa maana mtu anaweza kuomba anachotaka kwa miaka kumi asipate mnunuzi. Nyumba kadhaa za minada za Uingereza hutoa makadirio bila malipo kwa kutumia picha. Ukifikiria kuuza huko, toa kwenye hesabu kamisheni ya muuzaji, usafirishaji wa kitu kinachovunjika na bima, na udai iwekwe bei ya chini ambayo birika halitauzwa chini yake. Kwa chombo cha daraja hili, gharama hizo zinaweza kumeza nusu ya fedha, nami ningelibakiza nyumbani.

Kabla ya uamuzi wowote, liandikie birika hili kumbukumbu yake: jina la shangazi, miaka aliyofanya kazi Muthaiga, jina la familia ile, mwaka walioondoka, na barua au picha yoyote ya nyumba hiyo ambamo birika linaonekana. Lipige picha pande zote nne, ndani, chini, kwenye ufa na kwenye kidole, rula ikiwa kando yake. Habari hizo humwonyesha mnunuzi makini njia ambayo chombo kilipitia kutoka Uingereza hadi Buruburu, na hakuna dalali anayeweza kuzitunga baadaye kwa uaminifu.

Mfanyabiashara yule akirudi, mwombe akuandikie kwenye karatasi kile anachoamini birika ni nini, ni la miaka gani, na anatoa shilingi ngapi. Kama ana ujuzi, ataandika bila shida, nawe utakuwa na kitu cha kulinganisha na makadirio ya mnadani. Akisema kwamba anahitaji kwanza kuondoka nalo akalionyeshe kwa mwenzake, mkaribishe mwenzake nyumbani kwako.